Nimpe msaidizi wa AI kazi ya kupanga vikao vya timu?

"Naratibu mradi wa wakulima wa mwani. Tuko watu tisa: mimi Tanga mjini, maofisa ugani watatu (Mkinga, Pangani na Pemba), mkurugenzi Dar es Salaam, mhasibu Nairobi, mtu wa takwimu Kigali, mtu wa masoko Muscat na mshauri mmoja Minneapolis, Marekani. Kila wiki muda wangu unaishia kwenye grupu la WhatsApp nikiuliza nani ana nafasi lini. Mkurugenzi akasema tuanze kutumia msaidizi wa AI. Nikamwandikia apange kikao cha maofisa ugani, Jumanne saa tatu asubuhi. Akatuma mwaliko wa saa tisa usiku, mpaka kwa mkurugenzi. Baadaye nikamrekebisha, lakini sasa maofisa ugani wiki hii wanahudhuria, wiki ijayo hawaonekani, ingawa msaidizi anasema kalenda zao ziko wazi. Je, tununue programu nzuri zaidi, au hii kazi AI haiwezi?"
Mratibu, Tanga

Ndugu Mratibu, pole kwa aibu ya ule mwaliko. Kazi hii AI inaiweza, na sidhani kama mnahitaji kununua kitu kingine kwa sasa. Ila umenieleza matatizo mawili yasiyo na undugu. La saa tisa usiku ni la mashine, na linazibika leo hii. La maofisa ugani linatoka kwenye kalenda zenu wenyewe, na hakuna programu mtakayoinunua ikaliondoa.

Nianze na lile jepesi. Msaidizi wa namna hii ana sehemu mbili ndani yake. Moja inasoma ulichoandika na kukigeuza kuwa tarehe, saa na majina ya watu. Nyingine inachukua tarehe na saa hizo, inafungua kalenda za wahusika, inatafuta nafasi na kuandika mwaliko. Hii ya pili ni kazi ya zamani. Kanuni za namna kalenda moja inavyoelewana na nyingine ziliandikwa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho 2009, ndiyo maana mwaliko uliotoka Outlook unafunguka vizuri kwenye Google Calendar au kwenye iPhone. Huko hitilafu si nyingi. Mwaliko wako uliharibika kwenye sehemu ya kwanza. Uliandika saa tatu asubuhi. Mashine iliyofundwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza ikaona tatu, ikaona asubuhi, ikaandika 03:00. Saa zetu tunazihesabu kuanzia macheo, zao zinaanzia katikati ya usiku, na tofauti ni saa sita kamili.

Usishangae ukimpa sentensi hiyohiyo kesho akapatia. Wasaidizi wengi wa sasa ukiwauliza moja kwa moja saa tatu asubuhi ni saa ngapi kwa Kiingereza, wanajibu 9:00 bila kusita. Wanateleza pale maagizo yanapokuwa marefu, au unapochanganya lugha, au sentensi inapotaja saa nne tano kwa mpigo. Kwangu hilo ni baya kuliko kukosea kila siku, maana kosa la kila siku lingekufundisha tahadhari.

Kwa hiyo mpe saa kwa tarakimu za saa 24 na umtajie mji: "09:00, saa za Dar es Salaam". Maelezo mengine yote yaandike kwa Kiswahili chako cha kawaida, anakielewa. Pia kila mara mwambie akurudishie saa kwa miji yote mliyomo kabla hajaandika chochote kwenye kalenda. Ukiona Kigali 08:00, Dar 09:00 na Muscat 10:00 zimepangana hivyo, ujue kaelewa. Ukiona Dar 03:00, umemdaka mlangoni.

Faida nyingine ya tarakimu ni kwamba hata binadamu wenu wanahitaji msaada huo. Mwenzenu wa Muscat akizungumza Kiarabu na wateja wake mchana kutwa, saa tatu kwake ni saa tisa yenu. Mhasibu wa Nairobi anaandika barua pepe kwa Kiingereza na kuzungumza kwa Kiswahili, na kila lugha ina saa zake. Na ukiandika "usiku wa Jumatano", mtu wa Pemba anaweza kuelewa usiku wa kuamkia Jumatano, mshauri wa Minneapolis akaelewa Jumatano yenyewe ikishaingia giza. Kwa vikao vya usiku andika tarehe.

Kwenye mipangilio ya kalenda, chagua eneo la saa kwa jina la mji, usitumie vifupisho. Vifupisho vya Kimarekani vinafanana na vyetu: EST yao (saa za mashariki ya Marekani) na EAT yetu (saa za Afrika Mashariki) zinatofautiana herufi moja, na kati yake kuna saa nane. Usishtuke pia ukichagua Dar es Salaam halafu kalenda ikaonyesha Nairobi. Orodha ya maeneo ya saa inayotumiwa na kompyuta karibu zote duniani imeifungamanisha miji hiyo miwili kwa sababu saa zake ni moja. Mshauri wako naye asishangae akiona Chicago. Ndiyo saa ya Minneapolis.

Sasa tuje kwa maofisa ugani, ambako ndiko kwenye kiini cha swali lako.

Umesema wiki hii wanakuja, wiki ijayo hawapo. Mpangilio huo haukuja hivihivi. Mradi wenu ni wa mwani, na mwani unahudumiwa maji yakipwa. Bamvua (kupwa na kujaa kukubwa kabisa) huja mwezi ukiandama na tena mwezi ukiwa mpevu, yaani takriban kila baada ya wiki mbili, na katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi, kwenye saa nne hivi. Ndizo siku ambazo akina mama wanaingia shambani kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, na ndizo siku ofisa ugani anapaswa kuwa nao, maji yakiwa magotini na simu ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Wiki inayofuata ni maji mafu, maji hayaendi mbali, ofisa yuko nyumbani au ofisini, anaingia kikaoni. Umepanga kikao cha kila Jumanne saa tatu asubuhi. Jumanne moja inaangukia maji mafu, inayofuata inagonga bamvua. Kama umeanza kuwafikiria kuwa ni wazembe, waombe radhi kimoyomoyo.

Msaidizi angelijuaje hilo? Yeye anasoma kalenda, hasomi watu. Kalenda ya ofisa wako wa Pemba, nikikisia, haina kitu isipokuwa mialiko uliyomtumia wewe. Kwa mashine huyo ni mtu asiye na shughuli tangu alfajiri hadi usiku, siku saba za wiki. Tena kuna dhuluma ndani yake. Msaidizi akitafuta nafasi inayofaa watu tisa, anakwepa kalenda zilizojaa na kuwabebesha mzigo wenye kalenda tupu. Mkurugenzi ana kalenda iliyojaa kwa sababu ana mtu wa kumwandikia. Ofisa ugani ana kazi nyingi kuliko yeye na kalenda nyeupe. Mashine itamwonea ofisa ugani kila wiki bila kujua kwamba inaonea.

Ndiyo maana nasema msikimbilie dukani. Wafanyakazi katika nchi ambako zana hizi zimetengenezwa wamezoea kuandika kwenye kalenda hata muda wa kumpeleka mtoto shule, na zana zimejengwa zikidhani kila mtu anafanya hivyo. Sisi ahadi zetu ziko kichwani, kwenye WhatsApp, na kwenye kauli ya "tutaonana baada ya Alasiri". Zikibaki huko, msaidizi wa bei kubwa na wa bure watakosea sawasawa.

Kuwafanya watu tisa wajaze kalenda ni kazi ngumu kuliko kusanikisha programu, na usitegemee tangazo la grupu. Wapigie mmoja mmoja, dakika kumi kila mtu, na uandike wewe mwenyewe akiwa anakuambia. Muulize mambo yanayojirudia tu: siku za kwenda shambani, saa za swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, siku ya gulio kama anatakiwa huko, saa ambazo hana mtandao. Mwingine atakuambia alasiri ndiyo anamchukua mtoto. Andika. Ukimaliza hao tisa umemaliza sehemu kubwa ya kazi uliyotaka AI ikufanyie.

Kwa bamvua kuna njia nzuri zaidi. Majedwali ya kupwa na kujaa hukokotolewa mapema kwa mwaka mzima, kwa hiyo hata bamvua ya miezi sita ijayo inajulikana leo. Chukua jedwali la mwaka, mpe msaidizi wa AI wa kuzungumza naye (ChatGPT, Claude, Gemini, yoyote uliyo naye), umwambie alifanye kuwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo kalenda inaweza kulisoma) lenye tukio moja kwa kila asubuhi ya bamvua, kisha uliingize kwenye Google Calendar kwa kompyuta. Mpe jedwali lenyewe. Usimwombe akumbuke tarehe za bamvua kichwani, atakutungia. Saa za kuanza na kumaliza waulize maofisa wenyewe, maana Mkinga na Pemba hawaingii shambani kwa dakika ileile.

Hapa kuna mitego miwili ambayo imewaangusha wengi. Ukiweka tukio la siku nzima, kalenda nyingi huhesabu kuwa mtu bado yuko huru, mpaka uingie ndani ya tukio ubadilishe liwe na shughuli. Weka saa badala ya siku nzima. Mtego wa pili: ukitengeneza kalenda ya pembeni ukaiita "Bamvua", mtu ataiona kwenye simu yake, lakini msaidizi anapotafuta nafasi kwa kawaida huangalia kalenda kuu ya kila mtu tu. Kwa hiyo waalike maofisa watatu kwenye matukio yale ili yaingie kwenye kalenda zao kuu. Ukishafanya hivyo, kile kikao cha Jumanne asubuhi kitajisogeza chenyewe: msaidizi ataona wiki hii haiwezekani, atapendekeza alasiri. Binafsi ningekihamishia alasiri moja kwa moja. Siku za bamvua alasiri maji yamejaa na hakuna mtu shambani.

Kikao cha watu wote tisa ni habari nyingine, na hapo hesabu inabana. Muscat iko saa moja mbele yenu, Kigali saa moja nyuma, na Minneapolis iko nyuma yenu kwa saa nane wakati wa kiangazi chao, saa tisa wakati wa baridi. Tuseme mtu wa Muscat anatoka kazini 17:00 yake na mshauri hawezi kuanza kabla ya 07:00 yake. Kiangazi, 07:00 ya Minneapolis ni 15:00 ya Dar, na 17:00 ya Muscat ni 16:00 ya Dar. Mna saa moja tu. Na siku zenyewe? Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, Marekani Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo zimebaki Jumatatu hadi Alhamisi. Saa nne kwa wiki nzima, basi. Ukijua hivyo hushangai kwa nini grupu la WhatsApp lilikuwa haliishi maneno.

Halafu Marekani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo mwaka 2026 ni Novemba 1. Kuanzia hapo 07:00 ya Minneapolis inakuwa 16:00 ya Dar na 17:00 ya Muscat. Nafasi ya pamoja ni sifuri, na inabaki sifuri hadi Jumapili ya pili ya Machi. Msaidizi atakuambia hakuna muda unaofaa, na atakuwa amesema kweli. Nani aumie ni uamuzi wenu, msimwachie mashine. Ningependekeza mpokezane: mwezi mmoja mshauri aamke mapema, mkutane 15:00 ya Dar ambayo kwake ni 06:00, mwezi unaofuata mtu wa Muscat abaki hadi jioni, mkutane 17:00 ya Dar ambayo kwake ni 18:00. Mkishakubaliana, hiyo ndiyo kanuni unayompa msaidizi. Au jiulizeni kama mshauri anahitajika kila wiki. Kwa timu ya ukubwa wenu mara moja kwa mwezi inatosha, na mkimtoa kwenye kikao cha kila wiki mnapata mchana mzima wa kuchagua. Nalisema kwa sababu urahisi wa kupanga vikao unazaa vikao.

Jambo dogo lakini lenye uzito: mwaliko unaojirudia unashikamana na saa za mji ulioandikwa kwenye mwaliko. Ukiuandaa wewe kwa saa za Dar es Salaam, ninyi wa Afrika Mashariki na Muscat hamsogei kamwe. Novemba ikifika ni mshauri ndiye ataona kikao kimehama kwa saa moja. Akiuandaa yeye, mtahama ninyi nyote wanane. Uandae wewe.

Mwezi wa Ramadhani nao uutazame peke yake. Oman hupunguza saa za kazi mwezi huo, na huku kwetu alasiri ya mwisho inakuwa ya jikoni. Sikukuu za Idi kwenye kalenda za kompyuta ni makadirio. Mwandamo wa mwezi unaweza kuwapa Muscat Idi siku moja na Tanga siku nyingine. Ziba siku mbili tatu pembeni mwa kila Idi, na umwambie msaidizi asipange kitu humo.

Sasa maagizo. Watu wengi wanaandika "panga kikao wiki ijayo" halafu wanalaumu mashine. Mimi kwa timu yako ningeandika hivi:

"Nitafutie nafasi tatu za kikao cha dakika 45 kati ya Jumatatu, Juni 22 na Alhamisi, Juni 25, 2026, kuanzia 15:00 hadi 16:00, saa za Dar es Salaam, kwa mtindo wa saa 24. Mkurugenzi, mtu wa masoko na mshauri lazima wawepo. Kati ya wengine akikosekana mmoja tu, endelea, lakini niambie ni nani. Kalenda isiyo na tukio lolote wiki nzima usiihesabu kuwa nafasi. Niandikie jina la mwenye kalenda hiyo nimuulize. Kwa kila nafasi nionyeshe saa ya Dar es Salaam, Kigali, Muscat na Minneapolis. Usimtumie mtu yeyote mwaliko mpaka nikuambie."

Ile sentensi ya kalenda tupu uitunze, ndiyo inayowalinda maofisa ugani. Ya mwisho nayo isiondoke. Programu nyingi zina mpangilio wa kuuliza kabla ya kutuma. Uwashe, na hata ukiwa umewashwa, andika tena kwenye maagizo.

Kwa nini nasisitiza hilo? Ule mwaliko wa saa tisa usiku usingekuwa kitu kama ungeuona wewe peke yako. Na hata saa zikiwa sahihi, kuna watu ambao hawatumiwi mwaliko wa mashine kwanza. Mwenyekiti wa bodi, mzee wa kijiji mnayetaka ahudhurie, ofisa wa halmashauri: hao hupigiwa simu, wanasalimiwa, wanaulizwa hali ya nyumbani, halafu ndipo tarehe inatajwa. Mwaliko wa kalenda ukitangulia unasomeka kama wito. Msaidizi akupatie nafasi tatu, wewe unazitaja kwenye simu kwa heshima yake, akichagua moja ndipo unamruhusu msaidizi aandike. Mshauri wa Minneapolis kwa upande wake atashukuru ukimtumia mwaliko moja kwa moja bila kumpigia. Mashine haijui tofauti hiyo, unaijua wewe.

Mwaliko ukishatumwa, usidhani umefika. Ofisa wa Pemba anafungua barua pepe anapopata bando la kutosha, WhatsApp anaifungua kila saa. Mwombe msaidizi akuandikie ujumbe mmoja mfupi wa grupu, wenye saa kwa mitindo yote miwili, "saa 9:00 alasiri, yaani 15:00", siku, tarehe, ajenda ya mistari miwili na kiungo cha kuingilia. Uubandike wewe. Na asiyejibu mhesabu kuwa hajajibu. Kalenda zinaweza kumwonyesha mtu kama mgeni anayetarajiwa wakati hata hajauona mwaliko.

Kuhusu siri za watu, shirikishaneni hali ya kuwa huru au kuwa na shughuli tu, bila kichwa cha tukio. Kuna mtu katika timu ana kliniki, mwingine ana kesi ya ardhi, mwingine amekwenda kwenye usaili wa kazi nyingine. Msaidizi anayeona vichwa vya matukio anaweza kuviandika kwenye sababu za kukosa nafasi, na sababu hizo zikatumwa kwa wote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya 2019 na Rwanda ya 2021. Shirika lenu linashika taarifa za watu wa nchi zote hizo, kwa hiyo kabla ya kumfungulia msaidizi kalenda za wenzako, waambieni kwa maandishi anaona nini, na wakubali.

Na mfungieni mlango wageni. Agosti 2025 watafiti wa usalama kutoka Israeli walionyesha kwamba mtu wa nje anaweza kukutumia mwaliko wa kalenda wenye maagizo yaliyofichwa ndani ya kichwa chake. Ukija kumwuliza Gemini una nini leo, anausoma mwaliko ule na kuyatii maagizo ya mgeni; katika jaribio lao waliweza hata kuamrisha vifaa vya ndani ya nyumba. Waliwaarifu Google mapema na Google wakaongeza kinga, lakini udhaifu wa kuchanganya maandishi ya kusomwa na amri za kutekelezwa ni wa teknolojia yenyewe, hauko kwa kampuni moja. Kwenye Google Calendar kuna mpangilio wa kuingiza mialiko kutoka kwa watu unaowajua tu. Uwekeni kwa simu zote tisa.

Nimalizie na lile la kununua. Kama mnatumia Gmail au Outlook ya ofisi, angalieni kwanza kama Gemini wa Google au Copilot wa Microsoft tayari yumo kwenye kifurushi mnacholipia, maana mashirika mengi yanaye na hayajui. Kwa kuwapata watu wa nje, ukurasa wa kuchagulia nafasi kama Calendly, au kura ya tarehe kama Doodle, unatosha bila AI yoyote. Programu maalumu kama Reclaim, ambayo Dropbox waliinunua 2024, zinafaa zaidi timu ambazo kalenda zimejaa na kinachotafutwa ni kupangua vikao visivyo vya lazima. Ninyi mna tatizo la kinyume.

Mkija kununua siku moja, hakikisheni kalenda zenyewe zinabaki kwenye akaunti zenu, programu iwe mgeni anayezisoma tu. Kulikuwa na kampuni ya New York iitwayo x.ai (si hii ya Elon Musk iliyokuja kutumia jina hilo baadaye) iliyoanza 2014 na wasaidizi wawili wa kupanga vikao kwa barua pepe, Amy na Andrew. Walisifiwa sana. Mwaka 2016 chombo kimoja cha habari za biashara kiliripoti kwamba nyuma ya wasaidizi hao walikaa watu wakisoma na kusahihisha barua za wateja. Mwaka 2021 kampuni ikauzwa, huduma ikafungwa Oktoba mwaka huohuo. Mwenye kalenda yake mwenyewe, huduma kama hiyo ikifungwa, anatafuta tu msaidizi mwingine. Kwa hiyo mwambie mkurugenzi asubiri miezi mitatu: mwezi wa kwanza wa kujaza kalenda, miwili ya kutumia msaidizi mliye naye kwa maagizo niliyokuandikia. Baada ya bamvua kadhaa kupita utakuwa na orodha ya mambo mahususi aliyoshindwa, na hiyo ndiyo utakwenda nayo kwa muuzaji.